Kuku Alitembea Kabla Yangu

Yule kuku alitembea siku ya ishirini na tatu. Mimi ilinichukua mwaka mmoja na miezi mitatu, na hata leo natembea kwa gongo, mguu wa kulia ukiwa mfupi kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu. Akina mama wa kanisani kwetu wameniomba niandike habari hii, kwa sababu msimu huu peke yake wameanguka wazee wawili hapa Hasamba, na nasikia wote wawili wanatafutiwa kuku. Basi nimekaa naandika. Sina maneno matamu ya kuwatia moyo. Ninayo yaliyonipata tu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo linaloniaibisha zaidi. Kwa miaka mingi niliwafundisha darasa la sita somo la mifupa. Nilichora kiunzi cha mtu ubaoni, nikawaandikisha watoto kwamba aliyevunjika asivutwevutwe wala kukandwa, apelekwe hospitali upesi. Waliokosa swali hilo niliwachapa.

Nilianguka mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeiva. Tulikuwa tunamenya nyuma ya nyumba, na anayeijua mashine ya kumenyea ya mkono anajua jinsi maganda yanavyomwagika pembeni na kuteleza. Nilibeba ndoo ya kahawa iliyomenywa niipeleke kwenye pipa la kuchachushia. Nikakanyaga maganda, nikaangukia ubavu wa kulia. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, mtoto angeinuka akajipangusa akacheka. Mimi nilisikia kitu kimekatika ndani ya nyonga, na nilipotazama chini nikaona unyayo wangu umegeukia nje wala hausikii amri yangu.

Tabitha, kitinda mimba wangu, alikuwapo. Alikuwa na meza ya vitenge Tunduma, karibu na mpaka, wateja wake wengi wakiwa Wazambia, na kila msimu wa kuchuma huifunga wiki mbili aje kunisaidia. Alinyanyua simu palepale.

"Naita gari, mama. Twende Vwawa."

"Usiite gari," nikamwambia. "Mwite baba yako mdogo."

Sababu nilikuwa nayo, ingawa sikumwambia. Baba yao aliugua figo. Tulimuuguza kwa miaka miwili, na siku tunamzika zizi lilikuwa tupu na shamba la bondeni lilikuwa na mwenyewe mwingine. Siwalaumu waliomtibu, walijitahidi. Ila zilibaki ekari mbili za kahawa, zilizo kati ya nyumba na barabara, na niliapa kwamba hizo hataziuza mtu kwa ajili ya ugonjwa. Elia, mkubwa, alishapata fungu lake, amejenga Tunduma na anafanya kazi ya kutoa mizigo ya malori mpakani. Ekari mbili zilikuwa za Tabitha, asiye na mume wala nyumba. Nilijua nikipanda lile gari, neno la kwanza la Elia litakuwa ni kuuza.

Akaja shemeji Yoramu, mdogo wake marehemu mume wangu. Ni fundi wa mifupa, na sitaki mtu amdharau. Watoto wanaoanguka miembeni na watu wa pikipiki huwaunga mikono na miundi, wakapona vizuri. Alikuja na dawa zake, vipande vya mianzi na tetea mwekundu. Desturi ya fundi wetu ni hii: kuku huvunjwa mguu ule ule wa mgonjwa, akafungwa mianzi ile ile na kupakwa dawa ile ile, akakaa nyumba moja na mgonjwa. Haliwi wala hauzwi. Siku akitembea, mgonjwa naye aambiwe ainuke, na fundi humchukua kuku kama ujira wake.

"Ndivyo tulivyokuta, shemeji Mwalimu," aliniambia. "Kuku akitembea, na wewe utatembea."

Tabitha alisimama mlangoni amekunja mikono. "Na kuku asipotembea, baba mdogo?"

"Kuku hutembea siku zote," akajibu Yoramu, na alisema kweli tupu.

Kuku alivunjwa muundi. Mimi nilikuwa nimevunjika nyonga. Mwalimu mzima wa sayansi, nimelala pale nikiusikia mfupa wa kuku ukilia kak, sikuiona tofauti hiyo. Au niliiona nikaifumbia macho, kwa sababu kuku alikuwa wa bei nafuu.

Sitaeleza sana juu ya wiki zile. Asubuhi nilikandwa kwa maji ya moto na dawa, mchana nililala, usiku nilisubiri asubuhi. Siku ya ishirini na tatu kuku alisimama, akachechemea mpaka kwenye pumba, na majirani wakaja kumwona. Walinipongeza mimi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Yoramu alinipapasa nyonga kwa muda mrefu kisha akasema mguu wa mtu ni mkubwa kuliko wa kuku, tuupe muda. Sauti yake ilikuwa imepungua. Siku ya arobaini walinishika kwapa wakanisimamisha, na nililia kwa sauti ambayo sikuitoa hata nilipozaa. Waliponirudisha kitandani Tabitha akakiona kidonda kiunoni, mahali nilipokuwa nikilalia. Hakuniuliza tena. Alitoka nje akampigia kaka yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nayo niliifundisha.

Elia alikuja na pikapu, godoro limetandikwa nyuma. Aliponiona alisema, "Mwalimu mzima," halafu akainama kuninyanyua. Njia nzima Tabitha alikaa nyuma amenishika nyonga kwa mikono miwili ili isitikisike, na kila shimo la barabara nililihesabu.

Hospitali ya wilaya walinipiga picha ya mfupa. Nesi aliyenipokea alinitazama cheti, akanitazama uso. Alikuwa mwanafunzi wangu.

"Umevunjika lini, Mwalimu?"

"Wiki sita zilizopita."

"Ulikuwa wapi?"

Akavuta shuka akanifunika vizuri. "Swali hili ulinichapia," akasema polepole, bila ubaya, na akaenda kunitafutia chai.

Hawakuwa na namna ya kunisaidia pale, wakaniandikia kwenda hospitali ya rufaa. Huko ndiko nilikojifunza kungoja. Mtu huenda hospitali akidhani kazi ni kuugua, kumbe kazi kubwa ni kungoja: daktari, picha mpya kwa sababu ya zamani haionyeshi vizuri, damu, na ndugu watakaochangia damu hiyo. Nililala kwenye kitanda cha magurudumu ukutani, mguu wangu unauma, na mbele yangu benchi refu la watu waliochoka kama mimi. Ukichoka sana hata huruma hukuisha. Mzee mmoja alikuwa akiguna karibu yangu, na mimi niliwaza tu kwamba akiitwa yeye kwanza, mimi nitachelewa.

Tulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba nimepita miaka sitini, kwa kuwa wazee hutibiwa bure. Nawaambia mnaosoma, itafuteni barua hiyo mapema, inasaidia. Lakini yule binti wa dirishani alimweleza Tabitha kwa upole kabisa: "Dada, kitanda bure, kumwona daktari bure. Chuma cha kuwekwa nyongani si bure. Chuma hakijui umri wa mtu."

Daktari alikaa kitandani kwangu akasema na sisi watatu. Ningefika siku ile niliyoanguka, alisema, labda wangenipigilia vyuma vidogo na mfupa ungeshika. Sasa kichwa cha mfupa kimekufa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwekewa kichwa cha chuma, kinachoagizwa Dar es Salaam na kununuliwa na familia. Ya pili ni kukitoa kile kilichokufa na kuacha hivyo hivyo. Maumivu yatapungua, mguu utakuwa mfupi, na nitatembea kwa gongo maisha yangu yote, kama nitakubali kufanya mazoezi.

"Na asipokubali?" aliuliza Tabitha.

"Atalala," daktari akasema.

Alipoondoka Elia akasema neno nililolijua tangu siku ya maganda. "Tuuze shamba. Mteja yupo, nimeshaongea naye."

"Hapana," nikasema.

"Mama, ekari mbili na mguu, kipi kikubwa?"

"Ekari si zako, mwanangu. Wala si zangu sana."

Alisimama akaondoka bila kuaga. Hakupiga simu miezi miwili.

Kitanda cha pili alilala Bibi Kabula, Msukuma wa bonde la Momba, aliyeanguka akikamua ng'ombe. Wanawe walihamia kule na mifugo miaka mingi iliyopita. Walikuja watatu, wakakaa kwenye ngazi za wodi nusu saa, kisha mmoja akaondoka, na wiki iliyofuata chuma kilikuwa kimefika. "Wameuza maksai," Bibi Kabula aliniambia. "Nimewaambia, mlikunywa maziwa yangu kabla ya maziwa ya ng'ombe." Wiki mbili baada ya upasuaji alikuwa akitembea wodini kwa fremu ya kutembelea, akinisalimu kila akipita. Nilimwonea wivu. Nasema wazi kwa sababu nimeambiwa niandike kweli. Alikuwa akinigawia maziwa ya mgando, nami nilikunywa huku nikimwonea wivu.

Tabitha alilala sakafuni chini ya kitanda changu kwa zaidi ya siku mia moja. Alinipikia kwenye jiko la mkaa nyuma ya wodi, akanifulia, akanigeuza kila saa mbili kwa ajili ya kidonda, akanitolea choo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walioko nje walimwona kama binti mwema tu, wakampa pole, wakaenda zao. Mikono yake ilianza kuwa mizito. Akiniosha alinisugua kama sufuria. Nilijua anachokisugua si mimi.

Siku moja simu yake iliita akiwa ananiosha mgongo. Nilimsikia mwenzake wa Tunduma, maana simu ile ilikuwa na sauti kubwa. "Dada Tabi, meza yako ameikalia mtu. Nimemzuia nimeshindwa. Anasema umeiacha muda mrefu, wateja wako wa ng'ambo sasa wananunua kwake."

"Haya," alisema Tabitha. "Haya, asante." Akaikata simu, akakamua kitambaa, akaendelea na mgongo wangu.

Nililia kimya, uso kwenye mto. Wote tulikuwa tunabishana juu ya bei ya chuma na bei ya shamba, na hakuna aliyeuliza habari ya meza ya Tabitha. Nilikataa hospitali ili nisimle mwanangu urithi wake. Badala yake nikamla riziki yake.

"Nimechoka, mama," akasema baadaye, akiwa ameketi sakafuni ameegemea kitanda. Hakuwa amenigeukia.

"Najua."

"Hujui. Ukichagua hiyo njia ya bei rahisi, nani atakubeba? Elia? Ni mimi. Nitakubeba mpaka nizeeke. Uza shamba, mama. Mimi shamba sitaki, nataka utembee."

Nikamwambia, "Nipe nafasi moja. Nikifika barabarani kwa miguu yangu, siku hiyohiyo unaondoka, unarudi Tunduma. Nisipofika mpaka kahawa ya mwakani itakapochanua, mwite huyo mteja wa Elia, nitaweka sahihi mwenyewe."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Wewe na kuku wako."

"Mimi na kuku wangu."

Nilipasuliwa mvua za kwanza zikipiga bati la wodi. Niliamka nikiwa na kiu na mguu uliopungua. Maumivu yale ya kukatakata yalikuwa yamekwenda, na nilimshukuru Mungu kwa hilo hata kabla ya maji. Siku ya tatu yule wa mazoezi akaniinua. Nilimchukia. Alikuwa kijana mpole mwenye tabia ya kusema "mara moja tu, bibi," na hakuwahi kumaanisha mara moja. Ninyi mtakaofika huko, mkubalieni.

Nyumbani tulirudi karibu na Krismasi. Fundi viatu alinitengenezea kandambili ya kulia yenye tabaka tatu za tairi, ili mabega yangu yakae sawa. Mwili wangu sikuutambua. Paja la kulia lilinyauka, ngozi ikawa imelegea, nywele zilikatika kwa kulalia. Masika yote sikutoka uani kwa ajili ya utelezi. Yoramu alikuja mara moja, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akatazama mguu wangu, akatazama na kuku.

"Mchukue, ni wako," nikamwambia. "Yeye alipona."

Alitikisa kichwa. "Siwezi, shemeji. Nimekula kuku wengi, huyu hapana." Alikuwa mnyonge kweli, na nilimhurumia, kwa sababu nilikuwa nimemwita mwenyewe.

Kuku alibaki, mguu wake umepinda kidogo. Elia naye alirudi, mwezi wa tatu, bila taarifa, akiwa na fundi seremala. Walikwenda chooni wakagonga misumari mpaka mchana. Nilipopelekwa nikakuta kiti cha mbao chenye tundu, na mhimili wa kushikia ukutani. Kwa miezi minane nilikuwa nimebebwa na binti yangu kwenda haja. Siku ile nilijifungia mwenyewe mlango. Nilikaa mle muda mrefu kuliko haja yenyewe, nikifurahi. Elia hakutaja shamba, nami sikutaja ukimya wake. Tulikula ugali, akaondoka.

Mvua zilipokatika nikaanza. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni mstari mmoja wa kahawa, miche sabini na minne. Gongo mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye mche. Wiki ya kwanza nilifika mche wa pili. Tabitha alinifuata nyuma na kiti, kwa hasira, akikitua kila nilipotetemeka. Msimu wa kuchuma nilifika wa ishirini, wachumaji wakinipisha. Kuna siku nilianguka kwenye wa thelathini na mmoja nikakaa chini nikitukana, mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto wanaotukana. Kuna wiki nzima sikutoka kabisa, nikasema shamba liuzwe tu, yaishe. Tabitha ndiye aliyenirushia kandambili ya tairi miguuni. "Hukunilaza sakafuni bure," alisema. "Inuka."

Fedha ya kahawa ya msimu ule nilimtengea yote. Ilitosha vitenge vya kuanzia na nusu ya meza, ya kushirikiana na yule mwenzake wa Tunduma. Niliiweka kwenye bahasha juu ya kabati, nikamwambia iko pale ikimngoja.

Kahawa ikachanua. Waliokulia Mbozi wanajua asubuhi zile, shamba lote jeupe na harufu yake imejaa mpaka ndani ya nyumba. Niliinuka nikavaa gauni la kanisani. Tabitha aliona, akaingia chumbani. Nilianza kutembea. Nilipumzika kwenye wa kumi na mbili, wa thelathini, wa hamsini na moja. Mikono ilinijaa maua. Wa sabini na nne nilipouachia sikuwa na cha kushika tena, hatua sita zilikuwa za gongo peke yake, kisha nikakanyaga changarawe ya barabara.

Tabitha alikuja nyuma yangu na begi lake. Hakuleta kiti. Tulisimama pale wawili tukitazama upande gari litakakotokea, kama wageni wasiojuana. Lilipokuja akapakia begi, akasimama mlangoni.

"Mama. Barabarani umefika. Na kurudi?"

Sikuwa nimewahi kufikiria kurudi. Miezi yote ile nilipiga hesabu ya kwenda tu. Nilimwona anaanza kushusha begi.

"Acha hilo begi," nikamwambia. "Kurudi ni kazi yangu."

Alinitazama, akanikumbatia haraka na kwa nguvu mpaka nyonga ikaniuma, akapanda. Nilibaki mpaka vumbi likatulia. Nilikuwa nimechoka, machozi yananitoka, na hakukuwa na mtu wa kuniletea kiti.

Kuku alikuwapo pale ukingoni, anadonoa mahindi yaliyomwagwa na malori, alishafika kabla yangu kama kawaida yake. Akaninyooshea shingo, akageuka na mguu wake uliopinda, akatangulia kwenda nyumbani. Nikashika mche wa sabini na nne nikamfuata.